Komeo la Chumba cha Malkia

Watu wakiingia kasri la mfalme hutazama dhahabu. Fundi makufuli alitazama vitasa. Miaka thelathini ya kuwafungulia watu milango ilikuwa imemharibu, mkewe alizoea kumtania hivyo.

Ila siku hiyo hakuja kwa ajili ya vitasa. Tangu bintiye aolewe, miezi minne tu, simu zake zilipungua, kisha zikaanza kupokelewa na mumewe. "Amelala, mzee." "Anaoga, mzee." Baba gani asingeingiwa na wasiwasi? Ndipo akawaalika matembezi, apate japo dakika mbili za kuzungumza na mwanawe peke yao. Wapi! Asubuhi nzima mkwe aliwaganda kama gundi, mpole, mcheshi, mkono haumbanduki mkewe begani.

Mwongozaji wa watalii, mama mmoja mwenye maneno mengi, aliwapandisha ghorofani.

"Mfalme wetu alimpenda malkia kupita kiasi," alisema. "Akamjengea chumba hiki. Marumaru, vioo, kila kitu. Madirisha akayaziba, jua lisimchome. Malkia hakuonekana chini tena."

"Hayo ndiyo mapenzi," mkwe alisema, na watu wakacheka.

Fundi hakucheka. Alikuwa ameinama mlangoni. Upande wa ndani hapakuwa na kitasa wala tundu la ufunguo. Komeo lilikuwa nje, chuma kinene hasa, na mbao za ndani zilijaa mikwaruzo ya kucha.

"Alikufa kwa nini?" aliuliza.

"Homa. Ndivyo walivyoandika." Mwongozaji akachangamka. "Sasa, tuna mchezo wetu hapa. Wawili wanabaki ndani, tunawafungia dakika moja, waonje maisha ya malkia. Nani na nani?"

Fundi aliona bahati imemdondokea. Akamshika bintiye mkono kabla mtu hajafungua mdomo. "Mimi na mwanangu."

Mkwe alisita kidogo. Halafu akatabasamu, akamsogeza mwongozaji pembeni, akalisukuma komeo mwenyewe.

Giza likawa totoro, isipokuwa uzi wa mwanga chini ya mlango.

"Haya, mwanangu, tuko wawili tu," fundi alinong'ona. "Niambie ukweli. Anakutesa?"

Bintiye akauachia mkono wake. Dakika ikapita, na nyingine. Huko nje mwongozaji alisikika akisema, "Kaka, wafungulie basi, muda umekwisha," na mkwe akajibu kwa sauti yake ile ya upole, "Bado kidogo."

Fundi alipandwa na hasira. Akainua ngumi aubamize mlango, lakini mkono ukamvuta suruali kutoka chini. Bintiye alikuwa ameshakaa sakafuni, mgongo ukutani, magoti kifuani, kama mtu aliyejua pa kukaa.

"Kaa tu, baba," alisema. "Ukigonga anakawia zaidi."

Fundi hakugonga. Aliipapasa bawaba ya chini, akatoa bisibisi mfukoni, akaanza kazi.