Mto Uliotolewa Bure

Chiriku alirudi kutoka shuleni kimya, na bibi yake akajua kuna jambo. Mtoto yule hakuitwa Chiriku kwa sababu ya kunyamaza.

Miezi miwili nyumba ilikuwa haina habari nyingine ila safari. Wanafunzi wanane wangepanda ndege kwenda nchi ya mbali, kwenye mkutano ambako vijana hukaa kama mabalozi, kila mmoja akiisemea nchi aliyopangiwa. Chiriku alikuwa amebandika picha ya ukumbi wenyewe kwenye mlango wa kabati, na koti lake la kijivu lilikuwa mapajani mwa bibi, likipunguzwa mikono.

"Haya, sema," bibi alisema, sindano mkononi.

"Nimegawa mto, Bibi."

"Mto gani tena?"

"Wetu. Kwenye mazoezi. Nchi yangu na nchi jirani tunagombea maji. Yule msichana wa upande wa pili sauti ikaanza kumtetemeka, karatasi zikamwanguka. Nikamwambia basi, chukueni."

"Wote?"

"Wote. Na bwawa."

Bibi alicheka mpaka akaiweka sindano chini. Chiriku hakucheka.

"Mwalimu kasema balozi wa namna hii atarudi nyumbani hana nchi. Ijumaa ni mazoezi ya mwisho. Nikirudia, nafasi yangu anapewa wa akiba."

Hapo bibi akaacha kucheka. Aliujua ugonjwa huo ulikotoka. Ni yeye aliyemfundisha mtoto huyu kumwachia mwenzake kipande kikubwa na kumpisha mwenzake dirishani kwenye basi.

"Kaa hapa," akasema. "Nikupe habari za Twiga."

Twiga alikuwa mshonaji mwenzake hospitalini, enzi hizo bibi bado ana kiuno. Chumba chao kilikuwa nyuma ya stoo ya mashuka, kikinukia sabuni na mvuke. Cherehani mbili, pasi moja, na wao wawili, wakitia viraka mashuka na kurudishia vifungo makoti ya madaktari. Twiga alikuwa mrefu hata akainama kuingia mlangoni. Bibi alipokuwa mjamzito, kila asubuhi alikikuta kiti chao pekee chenye mgongo upande wake, na Twiga kakalia stuli, anashona kama hakuna kilichotokea.

"Mwaka mmoja ikaja barua. Mshonaji mmoja aende ng'ambo miezi sita, akajifunze kukata nguo za chumba cha upasuaji. Jina lililoandikwa lilikuwa langu."

"Lako? Na hujawahi kusema!"

"Twiga alilia. Hakuwa na wivu, alitamani tu. Nikamwambia basi, nenda wewe."

"Ulijuta?"

Bibi aliunyoosha mkono wa koti gotini. Ingekuwa rahisi kusema hapana.

"Siku postikadi yake ilipofika. Ilikuwa na daraja, na theluji. Nikajifungia stoo nikalia." Akatabasamu kidogo. "Lakini pasi tuligawana miaka kumi na tisa bila ugomvi, unajua kwa nini? Aliyeihitaji alisema. Safari ile sikusema. Twiga hakujua kabisa kwamba na mimi naitaka. Angejua, mtu mwema kama yule, tungetafuta njia."

 Chiriku alimsogelea bibi yake, akalaza kichwa begani mwake.

Ijumaa bibi alikuja kutazama mazoezi, akakaa nyuma darasani, mkoba magotini. Msichana wa upande wa pili alisimama, na sauti ikamtetemeka vilevile. Karatasi zikaanguka. Chiriku akatoka kwenye kiti chake, akaziokota, akazipanga na kumrudishia. Mwalimu alishika kalamu juu ya orodha.

"Kiangazi kwenu ni kigumu, tunajua," Chiriku alisema. "Na sisi maji haya tunayataka. Tunayataka sana. Miezi mitatu ya kiangazi, nusu ni yenu. Ninyi mtunze misitu ya huko juu, mto usikauke."

"Minne," alisema yule msichana, na sasa sauti ilikuwa imetulia.

"Mitatu na nusu, na bwawa tulisimamie pamoja."

Darasa likacheka. Mwalimu akaiweka kalamu chini. "Jumatatu niletee pasipoti yako," alimwambia Chiriku.

Njiani Chiriku aliongea bila kupumua: ndege, ukumbi, vitanda vya hosteli. Bibi alimsikiliza mpaka kona ya kwao, halafu akamshika mkono.

"Na mimi nina ninachotaka."

"Nini, Bibi?"

"Siku ya kuondoka nisiagwe hapa mlangoni. Nataka kufika uwanja wa ndege, nisimame pale mwisho wanaporuhusu, niione ndege ikipaa."

Chiriku alisimama, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza amekutana naye. "Kumbe ulikuwa unataka! Mbona hukusema?"

"Ndiyo nasema."