Mtu Mzima wa Pili

Haya ninayoandika ni kweli tupu, neno kwa neno. Naapa kwa meno yangu sita yaliyobaki, na mke wangu akikuambia ni manne, ujue hajahesabu ya nyuma.

Nilikuwa mtunza stoo wa nyumba ya kulelea watoto kwa miaka ishirini na sita. Nilikata kila mche wa sabuni vipande sita, nikafunga uzi wa rangi kwenye kila mswaki watoto wasichanganye, na mashuka niliyokunja ukiyaunganisha yangefunika barabara mpaka mji wa pili. Nilipostaafu nilidhani nimeachana na mafomu. Wapi.

Mkabala na mlango wetu, ng'ambo ya uchochoro, anakaa fundi cherehani. Mumewe aliondoka zamani bila kuaga. Kisha yeye akaugua, akalazwa miezi minane, na mabinti zake wawili wakapelekwa kwenye nyumba ile ile niliyostaafia. Sasa alikuwa amepona, cherehani inakimbia, anataka watoto wake. Na muda ulikuwa unambana: mkubwa alikaribia kutimiza miaka kumi, na pale hawalei waliofika kumi. Asiporudi kwa mama yake kabla ya mwezi kuisha, angehamishiwa nyumba ya wasichana wakubwa, safari ya siku nzima, na mdogo wake wa miaka mitano angebaki peke yake.

Kilichotakiwa ni sahihi moja tu ya afisa ustawi. Hapo ndipo tulipopigwa danadana.

Afisa aliahidi kuja Jumanne kukagua chumba. Fundi akaacha kazi, akadeki mpaka sakafu ikaonyesha sura zetu. Hakuja. Tukamfuata ofisini, tukaambiwa faili liko kwa mwenzake, na mwenzake yuko semina. Benchi la ofisi ile nililikalia mpaka likachukua umbo langu. Mtu mwingine akikaa anateleza. Wiki iliyofuata afisa alifika, akatoa futi, akapima chumba, akaandika "kitanda kimoja", akaondoka. Nikatafuta mbao, nikaunda kitanda cha ghorofa kwa siku tatu, na nyundo ilipiga vidole vyangu zaidi kuliko misumari. Akarudi, akakitikisa, kikakataa kuyumba. Akafunua ukurasa mwingine.

"Na mtu mzima wa pili wa nyumba hii ni nani?"

Hatukujua kama kulikuwa na ukurasa mwingine.

Kule kwenye nyumba, kila tulipotajiwa tarehe, mkubwa alifunga mfuko wake na wa mdogo wake. Mara ya kwanza mama mlezi aliifungua kwa upole, nguo zikarudi kwenye rafu. Mara ya tatu binti akagoma. Akawa anachomoa nguo ya siku, anavaa, anafunga mfuko tena. Mama mlezi akanilalamikia kwamba rafu zimewekwa kwa ajili ya nguo. Nikamjibu kwamba na ahadi zimewekwa kwa ajili ya kutimizwa. Akasema nisimpandishie sauti yeye, yeye hana sahihi. Kweli hakuwa nayo. Kila niliyetaka kumgombeza alikuwa hana.

Jumapili, tukitoka kuwatembelea, fundi aliongea kwa sauti ndogo. "Mzee, sasa hata mdogo ameacha kuniuliza anarudi lini."

Zilikuwa zimebaki siku sita. Nikamwambia aniachie mimi.

Asubuhi ya ukaguzi wa huyo mtu mzima wa pili nilibeba godoro letu la wageni, viatu vyangu na wembe, nikavipanga nyuma ya pazia la fundi. Afisa alipoingia alinikuta na kandambili miguuni, nakunywa chai kama mwenye nyumba. Nikajitambulisha kuwa baba mdogo wa fundi, ndugu wa baba yake toka nitoke, na kwamba ninalala pale pale. Sikuishia hapo. Nikamsimulia nilivyombeba fundi mgongoni akiwa mchanga kuvuka mto uliofurika, maji yamenifika puani, mtoto anakoroma. Fundi aliinamia cherehani, akawa anashona kitambaa kisichokuwepo.

Afisa aliandika. Akauliza mtoto akipata homa nafanyaje, akiogopa giza je, akigoma kula je. Hayo niliyajibu bila kutunga, maana ndiyo niliyoyaona miaka yote ile stoo. Akaitikia kwa kichwa. Kalamu ikashuka mpaka kwenye mstari wa sahihi.

Mlango ukasukumwa. Mke wangu.

"Wewe baba, nina wageni wamekaa sebuleni, godoro langu umelipeleka wapi?"

Afisa akamuuliza huyu mzee ni nani wake. Mke wangu akamwangalia kama aliyeulizwa jua linachomozea upande gani.

"Ni mume wangu, mwaka wa thelathini na nane huu. Analala kwangu, mlango ule pale. Amekudanganya nini tena? Ule wa mto?"

Nilimwona fundi akiketi sakafuni taratibu, mikono imekufa mapajani. Nikasema kosa ni langu peke yangu, mama wa watu asiponzwe na mdomo wangu. Kisha hasira ikanipanda, nikaongeza kwamba wangetuonyesha kurasa zote siku ya kwanza, nisingelazimika kuwa baba mdogo wa mtu.

Afisa alikata mstari mmoja, akakata na wa pili.

"Fomu haidai ndugu," alisema. "Jirani anatosha, akiahidi kwa maandishi kufika kila siku kwa miezi sita."

"Jirani? Na wiki zote hizi?"

"Hamkuuliza."

Nilitamani kuking'oa kile kitanda na kumtwisha kichwani, ghorofa zote mbili. Mke wangu akaniwahi.

"Ataandika," alisema. "Kila siku saa kumi na moja jioni. Na wewe fundi, mtoze faini akichelewa, maana mimi nimeshindwa."

Nikaandika, kalamu ikitoboa karatasi kwa hasira. Afisa akasaini bila hata kuniangalia.

Mabinti walirudi Ijumaa. Afisa aliacha daftari la mahudhurio, na mkubwa akajitwalia kazi ya kulishika. Jana nilipoingia alitazama saa ya ukutani. Nikamweleza kwamba nimezuiwa njiani na kundi la nyuki, kubwa kama paa la nyumba. Binti akachungulia nje, akaupima uchochoro kwa macho, hatua kumi, hauna hata inzi. Akaandika: dakika saba. Kisha akanisogezea beseni la vyombo.

"Osha kwanza, babu. Nyuki utanisimulia ukimaliza masufuria."