Neno Moja la Banyu

Bu Wiyarti alijua mahali pa kunyamaza katika hadithi yake. Akifika pale kwenye mlango, mvua imemlowesha chapachapa na mtoto wa miaka mitano amesimama mbele yake kanyoosha mkono, alinyamaza kidogo tu, kiasi cha mtu kumeza mate. Hapo wanawake wa mstari wa mbele walianza kutafuta leso. Kisha alisema, "Akaniita Ibu," na ukumbi mzima ukalia.

Yeye mwenyewe halii. Miaka ya mwanzo alilia mpaka akashindwa kumaliza, lakini siku hizi akifika kwenye ile mvua anawaza nguo alizoacha kambani. Mdomo unajiendea wenyewe. Hadithi ilishakufa ganzi ndani yake, kama ufizi uliochomwa sindano na daktari wa meno: unaugusa kwa ulimi, unajua upo, lakini ni kama wa mtu mwingine.

Hapakuwa na mtu katika mji wa Kijava wa Salatiga, katika wale wanaojali watoto wenye usonji, ambaye hakuwa ameisikia. Aliisimulia kwenye chakula cha jioni cha hisani, kwenye mnada wa batiki zilizochorwa na watoto, kwenye bonanza la mazoezi, na mara moja ndani ya duka la magari. Ibu ni mama. Kwa kifupi ni Bu, na mji mzima humwita hivyo kila mwanamke mzima, awe hakimu au muuza nyanya, kama wanaume wanavyoitwa Pak na vijana Mas. Watu wote walimwita Bu. Mwanawe alimwita mara moja tu. Baadaye Banyu alipata maneno mengine machache, ya kuoga, ya redio, ya kurudi nyumbani, lakini lile hakulirudia tena.

Alhamisi kabla ya matembezi ya hisani ya mwaka huu, Bu Herlin alikuja kwake amebeba furushi la fulana za buluu. Bu Herlin ndiye mwenyekiti wa kamati, na ndiye mwenye ile nyumba ya mafunzo anakosoma Banyu bila kulipa. Alikuwa mwanamke wa kuingia kabla hajabisha hodi.

"Bu Wi! Njoo unipokee, kiuno kinakatika!" Akazitupa fulana juu ya kiti. "Hii ya mumeo Pak Suroto nimechagua ya watu wenye vitambi. Mwambie asinune, nimemwonea huruma tu."

"Hatanuna. Kitambi anakijua."

"Haya, kaa tuongee." Bu Herlin alikuwa ameshakaa. "Mwaka huu sitaki uongee peke yako. Namtaka Banyu."

"Banyu afanye nini?"

"Apande jukwaani, dakika mbili tu. Wewe unasimulia, ukimaliza, Mas Gilang mshereheshaji anampandisha, anamuuliza, huyu nani? Mtoto anasema Ibu. Basi! Hapo watu watatoa mpaka nauli ya kurudia."

Wiyarti alimimina chai polepole. "Hasemi kwa kuambiwa, Bu."

"Si neno lake mwenyewe? Neno lake atalisahau?"

"Na asiposema?"

"Asiposema atakukumbatia, nako kunatosha. Usinifanyie hivyo, shoga yangu. Nikuambie ukweli? Watu wameizoea ile hadithi. Mwaka jana nilimwona mke wa yule mwenye duka la simenti anachezea simu, na wewe hata mvua hujaitoka."

Maneno hayo hayakumuuma. Hata yeye angechezea simu, kama angekuwa amekaa kule chini.

Lakini kukataa hakuweza. Pesa za matembezi zilikuwa zinakwenda kwa walimu wa chuo kikuu waliokuwa wakitafiti maswali mepesi, ambayo muuguzi yeyote wa kijijini angeweza kumuuliza mama mwenye mtoto wa miaka miwili, ili tatizo lijulikane mapema. Wiyarti alizunguka kwa madaktari miaka mitatu bila kuulizwa swali lolote la maana. Mmoja alimwambia mtoto ana ulimi mvivu. Mwingine alisema anadekezwa. Mama mkwe wake alimkwangua mtoto ulimi kwa pete yake ya dhahabu kila Ijumaa, kama wazee wa Kijava wanavyofanya kwa watoto wanaochelewa kusema, na Banyu alipiga mayowe mpaka majirani wakafunga madirisha.

"Haya, Bu," akasema.

"Ndiyo maana nakupenda," Bu Herlin akasema, akamaliza chai kwa funda moja.

Kuna kitu ambacho hakikuwamo kwenye hadithi. Siku ile ya mvua, ndani ya mkoba wa Wiyarti mlikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha, bado vya moto, vimefungwa kwenye jani la mgomba. Alivinunua kila jioni nje ya kiwanda cha nguo alikofanya kazi, kwa sababu Banyu alivipenda kuliko wali. Na kiazi kitamu, kwa lugha yao, ni ubi.

Ibu. Ubi. Mtoto hajawahi kutamka kitu, mvua inapiga bati, mama amechoka. Yeye alisikia ibu. Mama mkwe, aliyekuwa jikoni, alipaza sauti: "Mpe kiazi chake, mtoto anaomba!"

"Ameniita, mama! Ameniita mimi!"

Bibi yule alitoka na mwiko mkononi. Akawatazama, mama na mtoto, kisha akasema, "Haya. Kakuita." Akarudi jikoni, na hakulizungumza tena jambo hilo mpaka alipofariki.

Tangu siku ile kiazi kitamu hakikuingia tena nyumbani kwa Wiyarti. Mwanzoni alisema vinamjaza mtoto tumbo, na baadaye hakuna aliyeuliza. Sokoni alimshika Banyu mkono na kumpitisha upande wa samaki, asione matenga ya viazi. Hakuwahi kujiambia ni kwa nini. Lakini alijua, kama mtu anavyojua jino bovu liko wapi bila kuligusa. Kiazi kisipoonekana, hakuna atakayekiomba. Na lile neno litabaki lake.

Jioni ya Jumamosi mumewe, Pak Suroto, fundi wa mabasi, alikuwa uani akisugua grisi mikononi kwa sabuni ya unga. Banyu alikaa kwenye kizingiti na redio yake sikioni, akizungusha kitufe mbele na nyuma pale stesheni zinapokoroma.

"Tangu juzi hulali," Suroto alisema. "Unaogopa nini?"

"Kelele. Zile spika zao."

"Kelele nitamvalisha vile viziba masikio vya karakana." Akaendelea kusugua. "Unaogopa atasema kiazi."

Wiyarti alishikilia ndoo ya maji, hakumimina. "Kumbe ulijua."

"Wi, vile viazi nilivila mimi. Nimerudi kazini nakuta mnalia wote wawili. Wewe unalia umeitwa, yeye sijui analia nini. Viazi vimepoa pale mezani, na mimi nina njaa."

Wakati mwingine angecheka. Alimmiminia maji mikononi.

"Sasa ikiwa kweli ni kiazi," Suroto akasema, "itakuwaje?"

"Sina kingine."

Suroto alifuta mikono kwenye suruali.

Jumapili asubuhi barabara kuu ilifungiwa magari, kama kila Jumapili, ila siku hiyo ilikuwa ya buluu kwa fulana toka mwanzo hadi mwisho. Watu walitembea na mabango, wakacheza mazoezi ya viungo kwa muziki wa dangdut, wakaelekeza simu zao kwenye michoro ya QR ya kutolea michango iliyobandikwa kwenye kila mti. Wanafunzi walipita na masanduku ya michango, wakiwataka radhi hata mbwa. Bu Herlin alikuwa kila mahali kwa wakati mmoja, sauti imeshamkauka.

Wiyarti alipanda jukwaani, akapewa kipaza sauti, akasimulia. Mdomo ulijiendea. Alisikia sauti yake ikirudi kutoka kwenye jengo la ng'ambo, ikimfuata nyuma kidogo kama mtoto mtundu anayeigiza. Alinyamaza pale pa kunyamaza. Leso zikatoka. Alitazama mawingu juu ya mlima na kukumbuka kwamba leo hakuanika kitu.

"Na sasa," Mas Gilang akadakia, kijana mwenye meno mengi, "tumkaribishe mwenyewe! Mas Banyu!"

Suroto alimleta mpaka kwenye ngazi. Banyu alikuwa na miaka kumi na mitano sasa, amempita mama yake kichwa kizima, na vile viziba masikio vyekundu vya karakana vilimfanya aonekane kama rubani. Watu wakacheka kwa upendo. Alipanda akitazama miguu yake, akasimama mbele ya mama yake bila kumtazama.

"Mas Banyu, handsamu boi! Vua kidogo hivi vidude tuongee." Mas Gilang alimvua kiziba cha sikio moja. "Sasa wajulishe ndugu zetu. Huyu nani?"

Umati ulizuia pumzi. Bu Herlin, chini ya jukwaa, alikuwa amekunja mikono kifuani kama anayesali.

Banyu aliinua macho. Hakuyainua kwa mama yake. Aliyapitisha juu ya bega lake, na Wiyarti alijua kabla ya kugeuka. Nyuma yake, kando ya jukwaa, akina mama wa mtaa mmoja walikuwa wanauza vyakula vya kuchemsha juu ya ungo mpana: karanga, ndizi, na rundo la viazi vitamu vya zambarau vinavyofuka mvuke.

Mkono ulinyooka. Vidole vikafunguka, vikafumba, vikafunguka.

"Ubi," Banyu akasema.

Alilisema wazi, kwa sauti nzito ya kijana, na kipaza sauti kikalipeleka mpaka mwisho wa barabara.

Umati ulilipuka. Watu walipiga makofi juu ya vichwa, wakapiga vifijo, wakakumbatiana. Bu Herlin alilia mdomo wazi. Walikuwa wamesikia walichokuja kukisikia. Mas Gilang alijipangusa jicho na kiganja. "Ibu! Jamani, amesema Ibu! Tena, Mas Banyu! Tena!"

"Ubi," Banyu akasema.

Makofi yakazidi. Simu zilikuwa zimeinuliwa kama shamba la mahindi.

Wiyarti alisubiri iume. Alisimama pale kama mtu aliyejikata na kisu, anatazama kidole, anangoja damu. Haikutoka. Palikuwa na ganzi tu, ileile. Alichokiona ni mkono wa mwanawe. Kila aliposema, walimpigia makofi, na kila walipompigia, alitazama mkono wake kuona kama kimewekwa kitu. Hakikuwekwa. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, na wakapiga zaidi, na akaanza kuziba lile sikio lililo wazi kwa bega, kwa sababu mkono hakutaka kuushusha.

Alichukua kipaza sauti kutoka kwa Mas Gilang.

"Anasema ubi," akasema. "Mnisamehe. Anaomba kiazi. Na siku ile pia aliomba kiazi."

Waliokuwa karibu walicheka, wakidhani ni utani. Wa mbali waliendelea kupiga makofi kidogo, kisha makofi yakafa kipande kwa kipande. Wiyarti alimrudishia Mas Gilang kipaza sauti chake, akamrudishia Banyu kiziba chake sikioni, wakashuka ngazi.

Mwenye ungo alikuwa mama mnene mwenye kilemba cha maua. Alishaweka viazi kwenye jani kabla hawajafika. "Chukua, Bu, sitaki hela. Mtoto kaomba mpaka kwa spika, sisi tunashangilia tu kama wehu."

Wakakaa kwenye benchi la nyuma ya ungo. Wiyarti alimenya, Banyu akala. Alikula akiwa amefumba macho, haraka, na rangi ya zambarau ikambaki midomoni. Miaka kumi bila kiazi, Wiyarti akawaza. Wazo lilipita, likaenda. Alijua kwamba siku moja litarudi na kukaa.

Bu Herlin alifika akihema. "Kwa nini, Bu Wi? Walikuwa wanalia!"

"Alikuwa na njaa, Bu."

"Ungesubiri tushuke! Nani angejua?" Kisha akamtazama Banyu, namna alivyokuwa akila. Akakaa kwenye ncha ya benchi, fulana imemganda mgongoni. "Na mimi mwaka ujao nitawaambia nini watu?" aliuliza, lakini kwa sauti ndogo, kama anajiuliza mwenyewe.

Mbele yao alikuwa amesimama mwanamke kijana, mtoto mdogo kamfunga mgongoni kwa kitambaa. Alionekana amesimama hapo muda.

"Samahani, Bu," yule mwanamke akasema. "Wangu husema mam, mam. Mimi huwa nawaambia watu ananiita. Lakini husema nikiwa nimeshika bakuli."

Bu Herlin aligeuka kumtazama Wiyarti. Wiyarti alitafuta ndani yake kitu kizuri cha kumpa yule binti, cha kutia moyo, kama vile alivyozoea kutoa majukwaani. Hapakuwa na kitu.

"Mpe chakula," akasema. Kisha akasogea, akampisha nafasi akae.

Banyu alikuwa amenyoosha mkono tena.

"Ubi."

"Ndiyo, baba," Wiyarti akajibu, akamenya kingine.