Maji ya Timazi

Maji ndani ya kichupa cha kupimia yaligeuka mekundu tena. Huu haukuwa wekundu wa kuyasingizia macho ya uzee. Ulikuwa wekundu wa tofali lililotoka tanuruni. Mzee Timazi alikiinua kichupa dirishani, akakilinganisha na kikaratasi cha rangi kilichokuja na matone ya kupimia, akakishusha, akakiinua tena, kana kwamba maji yakitazamwa sana yataona haya.

"Naitreti," alisema, kama anayemtaja jirani mgomvi. "Juzi tu nimebadilisha nusu ya maji ya tangi la samaki. Nusu nzima! Nimeosha sifongo la pampu, nimefyonza uchafu kwenye changarawe, nimewapunguzia chakula mpaka wananitazama kama mahabusu. Na bado inapanda!"

"Basi usibadilishe," mkewe alijibu kutoka jikoni.

"Nisibadilishe? Mama watoto, hii sumu inatoka kwenye mavi yao. Mavi yanaoza, yanageuka naitreti, naitreti inabaki majini. Dawa yake ni kutoa maji machafu na kutia masafi. Hata kitabu kimesema."

"Basi badilisha."

Mzee Timazi alifumba macho akashusha pumzi. Mwanamke huyu alikuwa na kipaji cha kukubaliana naye kwa namna iliyouma kuliko kupingwa.

Jina la Timazi alipewa na waashi wenzake, enzi zake za kujenga, kwa kuwa hakuukubali ukuta wowote mpaka kamba ya timazi iushuhudie kuwa wima. Aliacha uashi, jina halikumwacha. Kwake yeye kila kitu duniani kilikuwa na wima wake, na kikipinda, yupo aliyekipinda. Katika suala hili mhalifu alishamjua: ni samaki wenyewe, wale dhahabu watatu, na hasa yule mkubwa waliyemwita Bwana Shamba kwa sababu ya kitambi chake. Sasa Bwana Shamba alikuwa amelala chini ya tangi, mapezi yamefanya michirizi ya damu, na kila mara alipanda juu kuvuta hewa kama mzee aliyemaliza ngazi.

Samaki walikuwa wa binti yao. Aliwalea tangu akiwa chuoni, na alipohamishiwa kazi mji mwingine alimkabidhi baba yake. "Nakuachia wewe, baba, si mama," alisema siku ile. "Mama atawahurumia mpaka wapasuke." Maneno hayo mzee aliyaweka moyoni kama nishani. Na sasa binti alikuwa anarudi Jumamosi, na kichanga chake, kukaa nyumbani mpaka mtoto apate nguvu.

Binti alipiga simu jioni ile ile, mzee akiwa bado na kichupa mkononi.

"Baba, shikamoo. Mnaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Sisi wazima. Samaki wako ndio wananitoa roho."

Binti alicheka, kisha sauti ikawa ya mtu mwenye jambo. "Baba, mtoto ananyonya kidogo sana, nimemwanzishia maziwa ya kopo. Sasa nesi amesema, kama nyumbani mnatumia kisima, maji yapimwe kwanza kabla ya kumchanganyia."

"Yapimwe nini?"

"Hiyo hiyo naitreti ya samaki, baba. Sisi wakubwa tunaihimili, lakini kwa kichanga inazuia damu isibebe hewa. Mtoto anageuka samawati. Na kuchemsha hakusaidii. Amesema ukichemsha ndiyo inazidi makali."

Mzee Timazi alijisikia kama mtu aliyeulizwa hadharani kama ameoga. Kile kisima alikichimba kwa mikono yake, akakijengea kwa tofali kutoka chini hadi mdomoni, akakifunika kwa mfuniko wa zege. Bomba la mtaa likikauka, mtaa mzima ulipanga ndoo mlangoni kwake. Watu hawakusema wanakwenda kisimani. Walisema wanakwenda kuchota maji ya Timazi. Walisema chai ya maji hayo haina utando. Na ndiyo maana hata samaki aliwapa hayo hayo, kwa sababu yale ya bomba yalinuka dawa, na muuza samaki wa mapambo alishamwonya kuwa dawa ile inaunguza matamvua wanayopumulia.

"Sikiliza, binti yangu," alisema taratibu. "Samaki wananyea humo humo wanamoishi. Kwenye kisima changu ananyea nani?"

"Sijasema hivyo, baba."

"Mjukuu wangu wa kwanza maziwa yake yatachanganywa kwa maji ya kisima changu, na atanenepa mpaka mshindwe kumbeba. Umenielewa?"

"Haya, baba. Wewe ukishasema, mimi nimeamini."

Alipokata simu, mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani.

"Si unayo hayo matone? Pima tu, yaishe."

"Sipimi."

"Kwa nini?"

"Mtu hamwombi mama yake cheti cha uzazi," alisema mzee, akaenda zake kuchukua ndoo.

Ijumaa alibadilisha maji kwa mara nyingine. Alipita uani akiwa na ndoo mbili, na kama kawaida yake alisimama kidogo kuusifu mpangilio wake. Banda la kuku alilihamishia upande wa juu mwaka jana, baada tu ya binti kuondoka. Chini ya banda palikuwa na matuta ya mboga, na chini ya matuta kilikuwepo kisima. Mteremko aliupima mwenyewe kwa pimamaji. Mvua ikinyesha, mbolea ya kuku ilishuka yenyewe mpaka kwenye mboga, bila mtu kushika sepetu. Majirani walikuja kutazama, na mmoja aliiga kwake akakosea pembe, mbolea yote ikaingia sebuleni. Mzee Timazi bado alitabasamu akikumbuka.

Alimwaga ndoo baada ya ndoo tangini, akasubiri, akapima. Matone ya chupa ya kwanza, akatikisa. Matone ya chupa ya pili, akatikisa kwa nguvu kama maelezo yalivyotaka, mpaka bega likauma. Kisha alingoja, mikono nyuma, akizunguka meza.

Safari hii ilikuwa rangi ya damu iliyokolea.

"Haiwezekani!" Alipiga kelele hata kuku wakanyamaza. "Natoa maji machafu, natia masafi, uchafu unaongezeka! Hii ni hesabu ya wapi?"

Mkewe alikuja, akatazama kichupa, akamtazama mumewe. Alifungua mdomo.

"Usiseme kitu," alimkatiza mzee.

"Sijasema."

"Ulitaka kusema."

"Nilitaka kupiga chafya."

Usiku huo jawabu lilimjia mzee, na lilikuwa jepesi kiasi cha kujilaumu. Samaki hawakuwa na kosa. Matone ndiyo mabovu! Yule kijana muuza samaki amemuuzia dawa iliyoharibika, inayoonyesha wekundu hata ukipima machozi ya malaika. Naye angemthibitishia mbele ya wateja.

Jumamosi asubuhi alivaa shati lake la safari, akachukua chupa mbili za matone na kichupa, kisha akajaza jagi maji ya kisima, meupe, baridi, yanayong'aa. Hakika kama kuna maji duniani yasiyo na doa, ni hayo.

Muuza samaki, aliyejiita Daktari ingawa hajawahi kutibu hata paka, alikuwa anampimia mama mmoja chakula cha kasuku.

"Shikamoo, mzee wangu! Bwana Shamba anasemaje?"

"Bwana Shamba anakufa kwa sababu yako." Mzee aliweka jagi juu ya kaunta. "Hii dawa yako ni ya uongo. Wewe unawaibia watu."

"Mzee wangu, taratibu basi, nina wateja."

"Ndiyo vizuri, wawe mashahidi. Mama, njoo uone. Haya ni maji ya kisima changu mwenyewe. Mtaa mzima unayanywa. Sasa tazama dawa ya huyu bwana itasemaje."

Alidondosha, akatikisa, akadondosha, akatikisa mpaka miwani ikateleza puani. Wote watatu waliinama juu ya kichupa. Maji yalianza kuwa ya manjano, rangi ya maji safi, mzee akashtuka. Yakapita kwenye rangi ya chungwa. Yakaendelea, bila haraka, mpaka yakatua kwenye wekundu ule ule wa tofali.

"Ehee!" Mzee Timazi alipiga kaunta kwa kiganja. "Si mnaona? Maji safi kabisa, na dawa inasema machafu! Kijana, una la kujibu?"

Daktari alijikuna kidevu. Hakuonekana kama mtu aliyekamatwa. "Nipe hiyo dawa, mzee wangu. Hii hii yako." Alichukua chupa ya maji ya kunywa aliyokuwa ameifungua karibu na redio, akatia kidogo kwenye kichupa kingine, akadondosha, akatikisa. Wakasubiri. Redio ilitangaza mechi. Maji yakawa ya manjano, na manjano yakabaki manjano, kama kiini cha yai.

"Rudia," alisema mzee.

Alirudia. Manjano.

Mama wa kasuku ndiye aliyesema. "Kwa hiyo ni kisima?"

Akili ya Mzee Timazi ilikuwa imeshafika uani kwake, imesimama kwenye banda la kuku, inateremka mteremko kama tone la mvua lililobeba mbolea: banda, matuta, kisima. Kila alipotoa maji ya samaki yaliyochafuka, alitia yaliyochafuka zaidi. Halafu akili ikaingia jikoni, ikamwona mkewe akichemsha maji ya chupa za mtoto. Kwenye simu alimwambia nini binti? *Wewe ukishasema, mimi nimeamini.*

"Binti yangu anakuja na basi la kwanza; linafika saa ngapi?" aliuliza.

"Lilishafika, mzee. Limepita hapa muda si mrefu."

Mzee alisukumia matone na kichupa chake mfukoni, akatoka mbio. Mbio zenyewe zilikuwa za magoti mabovu, lakini watu barabarani walimpisha. Nyuma yake Daktari alipaza sauti, "Mzee wangu, jagi! Na hiyo ni chupa yangu!" Ndipo mzee alipoona kwamba ameshika maji ya watu mkononi. Hakurudi.

Begi la binti lilikuwa barazani. Ndani, binti alisimama mbele ya tangi, akimwonyesha kichanga Bwana Shamba, na kichanga kilikuwa kinalia kwa njaa. Mkewe alikuwa anatikisa chupa ya maziwa, ametonesha tone kifundoni mwa mkono kupima joto, na anaisogeza.

"Usimpe!"

Aliinyakua chupa na kuimimina yote nje ya dirisha. Kilio cha mtoto kikapanda.

"Baba, kuna nini?"

"Ameshakunywa?"

"Bado. Baba, unanitisha. Kuna nini?"

"Kisima changu kina naitreti."

"Lakini si ulisema..."

"Nilisema. Nilisema bila kupima." Alinyoosha ile chupa ya Daktari. "Mchanganyieni na haya. Haya nimeyaona kwa macho yangu."

Mkewe aliipokea. Akachanganya maziwa mapya, akamkabidhi binti. Mzee alimtazama mjukuu akinyonya, vidole vidogo vimekunjwa, kucha zake za rangi ya waridi, si samawati. Alizikagua zote kumi.

"Na Bwana Shamba?" aliuliza taratibu.

"Atapona, baba, kama ni wa kupona," alisema binti. "Tutachota ya bomba, tuyalaze wazi na dawa ya kuondoa ukali wake, tumbadilishie kidogo kidogo asishtuke. Na tupande majani ndani ya tangi, yale yanakula naitreti." Kisha, kwa upole, "Umehangaika sana, eeh?"

"Nimehangaika kumtilia sumu," alisema mzee, akatoka.

Uani alisimama kwenye mteremko wake. Katika maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kufanya kazi iliyonyooka kama ile. Alitafuta kosa la pembe, hakuliona. Banda lingepaswa kubomolewa, mbolea kuzolewa, na hata hivyo kisima kingechukua mvua nyingi kabla ya kusafika. Aliuvuta ule mfuniko wa zege, akaufunga kwa mnyororo wa lango, akatia kufuli.

Hakuwa hata amefuta jasho alipotokea fundi viatu wa jirani, na ndoo mbili.

"Mzee Timazi! Mbona umefunga? Kumekucha vizuri kweli?"

"Maji si salama. Usichote tena. Kamwambie na mkeo, na yule mpangaji wenu mwenye mtoto mchanga, mwambie huyo wa kwanza."

Fundi viatu alicheka. "Maji ya Timazi? Acha utani, mzee."

"Nimeyapima."

"Kwa nini?"

"Kwa matone ya samaki."

"Ya samaki!" Fundi viatu aliweka ndoo chini ili acheke vizuri. "Mzee wangu, sisi tumekunywa haya maji miaka yote, mbona hatujafa? Wewe mwenyewe umetuambia hakuna kama haya mji huu. Hayo matone ni mabovu. Yule kijana wa samaki anawaibia watu."

Mzee Timazi alihisi hasira ikimpanda toka nyayoni, akatafuta pa kuipeleka. Hakupaona. Kila neno la yule bwana alikuwa amelifyatua mwenyewe, likakauka juani, na sasa lilimrudia gumu kama tofali.

"Ngoja hapa," alisema.

Aliingia ndani, akarudi na chupa mbili, kichupa cha kioo na kile kikaratasi cha rangi. Alifungua kufuli, akachota kidogo, akafunga tena. Kisha alimsogelea fundi viatu, akageukia mwanga ili wote wawili waone, na akaanza kutikisa.

"Na usiondoke," alisema kwa meno yaliyoumana. "Leo utatazama mpaka mwisho."