Padre Aliyezuiwa Getini

Muuguzi alikuwa anabadilisha dripu kitanda cha tisa pale mgonjwa wa kitanda cha kumi alipomshika sketi. Wagonjwa arobaini, wauguzi wawili. Mtu hujifunza kutosimama. Lakini mkono ule ulikuwa wa Bibi Mpishi, aliyewapikia watoto wa shule miaka thelathini na kuitania wodi nzima tangu alazwe. Leo haukuwa na utani.

"Mwanangu, mwili mmeudunga mpaka umekuwa chujio. Sasa niitie padre."

"Unaumwa wapi, bibi?"

"Ninapoumwa sindano haifiki. Nina neno la kuungama. Si la kukwambia wewe."

Muuguzi akamtazama kucha: zilikuwa zimeanza kugeuka rangi. Akapiga simu parokiani kwa simu yake mwenyewe. Padre alikaa mtaa wa pili tu. Akasema anakuja sasa hivi, na mafuta ya wagonjwa anayo.

Nusu saa ikapita. Muuguzi akachungulia dirishani. Padre alikuwa nje ya geti, juani, akibishana na mlinzi. Gari la muuza dawa likapiga honi. Geti likafunguliwa, mlinzi akapiga saluti, geti likafungwa. Padre akabaki palepale.

Muuguzi akamkimbilia msimamizi wa wodi.

"Mama, Bibi Mpishi anakata roho. Padre yuko getini, wamemzuia."

"Kuona wagonjwa ni saa sita."

"Saa sita haimkuti."

"Basi padre ajaze fomu, mganga mkuu aisaini."

"Mganga mkuu yuko wapi?"

"Kwenye semina ya utu wa mgonjwa." Msimamizi hakuinua macho. "Na wewe mkataba wako unaisha mwezi huu. Rudi kazini."

Akarudi. Akavuta pazia, akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo walilokatazwa, akaushika mkono uliokuwa unapoa.

"Amefika?"

"Yuko getini, bibi. Hawamruhusu."

Bibi akafumba macho. "Kumbe hata Mungu huku ana saa za kuingia."

Wakasali sala ya kutubu, muuguzi akitangulia, bibi akifuata kwa midomo. Katikati bibi akashtuka. "Mwambie padre kwamba mimi..." Muuguzi akamwinamia, sikio karibu na mdomo. Akasubiri. Halikuja neno lingine.

Saa sita kamili padre akafunguliwa. Alikuta shuka limevutwa mpaka usoni. Akakirudisha kichupa cha mafuta mfukoni, kwani mpako ule ni wa walio hai, akapiga magoti na kumwombea marehemu, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho.

Kisha akaingia binti wa marehemu na chupa ya chai mkononi. Alipokwisha kulia, msimamizi akamsogezea karatasi na kalamu.

"Pole sana, mwanangu. Tia saini hapa, kwamba mama alipata huduma zote, za mwili na za roho. Muuguzi wetu ni shahidi."

Muuguzi akawawaza wanawe wawili. Akauwaza mkataba.

"Padre hakumfikia," akasema. "Alisimamishwa getini, na huku mama yako anamwita."

"Wewe!" msimamizi akafoka. "Ofisini kwangu, sasa hivi!"

Binti akaiweka kalamu juu ya karatasi, bila kutia saini.

"Alitaka kumwambia nini?"

"Sijui, dada. Amekwenda nalo."