Mimba ya Ijumaa Kuu

Mwaka mzima kiwanda chetu cha tumbaku hapa Shkodra, Albania, kilitulisha supu ya maharage, na maharage yenyewe ya kutafuta kwa tochi. Ijumaa Kuu ikifika, siku ambayo sisi Wakatoliki hatuli nyama, loo! Nyama ya ng'ombe, mapande kama ngumi. Serikali ilishamfuta Mungu, kanisa likawa ukumbi wa mpira wa wavu, mapadre wako jela, lakini tarehe ya Ijumaa Kuu Katibu wa Chama, Ndue, aliijua kuliko sisi. Si alibatizwa, mnafiki yule!

Alipita meza kwa meza akichungulia vinywa. Asiyekula anapelekwa kijijini kuchimba mifereji. Sisi wanawake tulikuwa na dawa yetu: mimba. Nikamwambia nina mimba, harufu ya nyama inanitapisha. Jirani yangu naye mimba. Meza nzima mimba, ungedhani wodi ya wazazi.

Akamfikia shoga yangu Dila. Dila ni mjane, miaka hamsini na nane, nguo nyeusi juu mpaka chini, mwanamke asiyesalimiana na mwanamume bila kuinamisha macho. Rozari walishamnyang'anya, alibakiwa na mfungo tu.

"Na wewe, Mama Dila? Usiniambie una mimba."

Dila akaitazama ile nyama. Nikajua basi, huyu leo anakwenda mferejini.

"Ninayo," akasema.

"Ya nani?" Ndue akageuka ili watu wote wasikie.

"Yako, Ndugu Katibu."

Weee! Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko, hata wapishi. Ndue akaiva uso, akaibeba sahani mwenyewe, akatokomea.

Tulipotoka kazini kaka yake Dila alikuwa langoni. Habari zilishamfikia. Akatema mate chini mbele ya dada yake, akaenda zake. Dila akaanza kulia.

"Achana naye," nikamwambia.

"Simlilii yeye, Lule. Nimesema uongo Ijumaa Kuu, tena wa uzinzi! Nani ataniungamisha?"

Mimi sina mamlaka hata ya kumsamehe paka. Lakini alilia kwa kwikwi, roho ikaniuma, nikamshika mikono palepale barabarani.

"Haya, umesamehewa. Malipizi yako: mwakani uzae mapacha."

Akanichapa kofi la bega, kamasi zinamtiririka, kicheko kinamtoka.

"Mshenzi wewe! Na wakifanana na Ndue?"