Barua za Fundi Meno

Kwa miaka kumi na tisa, fundi mmoja wa meno ya bandia aliiandikia kampuni moja barua kila baada ya wiki mbili tatu. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, vyumba vitatu juu ya duka la rangi, na kazi yake ilikuwa kutunga michezo ya mezani: ile ambayo watu wanne watano huketi pamoja, mmoja akasimulia, wengine wakajifanya askari, mganga au mwizi, na dadu zikaamua nani apone. Kila kitabu kipya cha mchezo kilipotoka, fundi alikikagua kama anavyokagua jino kabla ya kulitia kinywani mwa mtu.

“Ukurasa wa 114 daraja lina hatua arobaini,” aliandika safari moja. “Ukurasa wa 160 lina sitini. Nani amelirefusha, na kwa ruhusa ya nani?”

Ofisini walimbandika jina la Bwana Kasoro. Walimcheka, lakini mhariri, mama wa makamo aliyekuwa pale tangu kitabu cha kwanza, alisahihisha kila kosa aliloonyeshwa na kumjibu kwa mkono wake mwenyewe. Hawakuwahi kuonana.

Kisha kampuni ikauzwa. Akaja meneja mpya, mtu mwenye adabu na haraka nyingi.

“Dada, huyu mtu mmoja anatumalizia muda,” alisema, ameshika bahasha kwa ncha za vidole.

“Ni msomaji wetu wa siku nyingi.”

“Hao wa siku nyingi ndio wanaotaka kila kitu kibaki vilevile. Toleo jipya tunalitengeneza kwa watu wapya. Mtumie ile barua ya wote.”

Barua ya wote ilianza na “Mpendwa mteja”, ikashukuru, ikasema kampuni haipokei tena maoni kwa posta. Mhariri angeweza kuongeza mstari mmoja chini kwa kalamu. Alisema ataandika Jumatatu. Jumatatu ikaja na mambo yake, na barua ikaenda kavukavu.

Miezi minne ikapita bila bahasha hata moja. Mwanzoni mhariri aliona afadhali. Baadaye kile kimya kikaanza kumkereketa kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Jumamosi moja asubuhi alichukua anwani nyuma ya bahasha ya zamani, akaenda.

Mke wa fundi ndiye aliyefungua mlango, mhariri akajitambulisha. “Wewe ndiye wa kampuni? Pita, mwanangu. Yupo.”

Sebuleni palikuwa na meza ya duara na viti vinne, na juu ya meza taya za plasta zimepangwa zikikauka. Fundi alisimama, akajifuta mikono.

“Kumbe ni mwanamke,” alisema. “Unavyoandika, nilidhani mwanamume mwenye hasira.”

Wakacheka kidogo, kisha kicheko kikawaishia.

“Nimekuja kuomba radhi kwa ile barua,” alisema mhariri. “Sijui wenzako unaocheza nao waliipokeaje.”

“Wenzangu gani?” Fundi alitazama viti. “Mwalimu tulimzika. Dereva macho hayaoni tena. Shemeji yangu alihama na familia yake. Huu ni mwaka wa sita nacheza peke yangu. Nasimulia mwenyewe, najijibu mwenyewe, nawarushia dadu wote. Nikikwama, naandika. Wewe unajibu. Basi nikawa nahesabu kwamba tuko wawili.”

Mhariri alivuta kiti. “Basi tucheze leo. Siku nzima ni yangu.”

“Ahsante, dada.” Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. “Mchezo huu unataka mtu mwenye hamu ya kujua kitatokea nini. Wewe una hamu ya kusamehewa. Nimeshakusamehe. Vitabu nimevifunga.”

Mke wake alimsindikiza mgeni hadi kwenye ngazi. “Nilikuwa namsikia humo ndani akibishana na watu wasiokuwepo,” alisema. “Nikimwambia, bwana wee, utapata wazimu. Sasa amenyamaza, na nyumba imenishinda.”

Mhariri alimshika mkono, akashuka.

Kitabu cha toleo jipya kilipokwenda kuchapwa, aliliingiza jina la fundi kwenye ukurasa wa shukrani. Meneja hakukataa, hakuusoma hata huo ukurasa. Nakala ikatumwa, jibu halikuja. Akaandika barua nyingine kutoka nyumbani kwake, kwa stempu yake, kisha nyingine tena. Ile ya pili ilirudi haijafunguliwa, na mtu asiyemjua ameandika juu ya bahasha: “Walishahama.”

Aliuliza posta kama waliacha anwani. Karani alipekua daftari, akatikisa kichwa, akamwita aliyefuata kwenye foleni.